Kiti cha Mbele cha Gari la Maji

Watu wa Mlali, kijijini kwetu, wanaliita gari langu "gari la maji", na wala si kwa sababu limewahi kutumbukia mtoni. Ni kwa sababu halina springi. Pale ambapo magari mengine yana springi, hili lina maji. Nikiwaambia hivyo vijana wa bodaboda wananitazama kama mzee aliyeanza kuota mchana. Sasa nitaeleza, tena vizuri, maana usipolielewa gari hutaielewa aibu yangu, na aibu hiyo ndiyo iliyonikalisha hapa na kalamu.

Ni gari la familia la Kiingereza, milango minne, dogo ukilitazama kwa nje. Lilitengenezwa kabla mimi sijaanza shule. Mjomba wangu alikuwa dereva wa bwana mmoja wa kilimo, Mwingereza, na bwana yule alipofungasha mizigo kurudi kwao alimwachia funguo. Mjomba alipofariki, gari likaja kwangu, kwa kuwa kwetu Waluguru cha mjomba humfuata mtoto wa dada. Watoto wake mwenyewe hawakununa hata kidogo. Walinisaidia kulisukuma kutoka bandani, wakapangusa mikono, wakasema, "Haya, chukua kopo lako."

Kopo! Mimi nimekuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha nguo mjini kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, nimefungua mashine za Wachina, za Wahindi na za Wajerumani, lakini sijaona akili kama iliyofichwa kwenye kopo lile. Injini yake imekaa kwa kukingama, kutoka taa hii hadi taa ile. Gia zimo tumboni mwa injini, zinakunywa oili ileile. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, kwa hiyo hakuna ule mtaimbo wa propela unaopita chini kwenda kuzungusha magurudumu ya nyuma, na sakafu yake ni tambarare. Magurudumu yamesukumwa pembeni kabisa, kama miguu ya kitanda. Matokeo yake, gari dogo kwa nje, ndani ni sebule. Mtu mrefu anakaa na kunyoosha miguu, na bado anapata mahali pa kuweka kuku wake.

Halafu ndiyo yaja hayo maji. Kila gurudumu lina kibuyu cha mpira na chuma ambacho mjomba alikiita figo. Figo la mbele kushoto limeunganishwa kwa bomba na figo la nyuma kushoto, na kulia vivyo hivyo. Gurudumu la mbele likipanda jiwe, maji yanasukumwa kwenda nyuma, na nyuma nako kunainuka. Gari zima linapanda na kushuka likiwa sawa, halitupi pua juu wala halipigi mkia chini. Na si maji matupu ya bomba, jamani. Yamechanganywa na spiriti na dawa ya kuzuia kutu, na mjomba alikuwa tayari kumtia mtu makofi kwa kosa la kumimina maji ya kisimani.

Lina ugonjwa mmoja. Bomba likivuja, upande ule unashuka wote, mbele na nyuma, na gari linalala ubavu kama mbuzi mgonjwa. Ukitaka unaweza kuliendesha hivyo hivyo, taratibu, lakini kila kokoto utaisikia kwenye meno. Kulinyanyua kunataka pampu maalumu ambayo nchi hii sijaiona, hivyo nilijitengenezea ya kwangu kutokana na pampu ya grisi. Pampu ile ndiyo iliyonipa kiburi. Mimi nina hasira za karibu, lakini majivuno yangu yako karibu zaidi.

Nilipostaafu nikarudi Mlali, kwenye ardhi ya ukoo wa mama yangu. Juu ya nyumba yangu, mlimani kidogo, alikaa bibi mmoja ambaye ukoo wao na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu. Anayejua utani anajua. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo na ukacheka. Anaweza kuingia jikoni kwako akaondoka na sufuria. Mtani hanuniwi. Na siku mmoja anapokufa, mwenzake ndiye anayekwenda kuufanyia msiba kazi na vituko. Nikimwamkia, "Shikamoo, mtani," alikuwa akijibu, "Marahaba, mwanangu. Kumbe hujafa tu? Na mimi nilishanunua unga wa msiba wako!"

Bibi huyu alianguka kwenye matuta ya ngazi ya shamba lake la mlimani na kuumia nyonga. Hospitali ya mjini ikampangia kliniki ya mifupa kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Barabara ya kutoka kwetu hadi lami si ya kumpitisha mtu mwenye nyonga mbovu. Mara ya kwanza alikwenda na gari la kukodi, akarudi amelala kwenye kiti kama furushi, anauma ncha ya khanga. Mara ya pili nikamwambia, "Mtani, panda kwangu."

Nakumbuka alivyopanda. Alitanguliza makalio, akaketi, kisha akainyanyua miguu kwa mikono, mmoja baada ya mwingine, kama anaingiza kuni stoo. Kiti cha mbele kilimkaa sawasawa. Alikuja na gunia lililokunjwa la kukalia, maana ndivyo alivyozoea kwenye magari ya watu. Tulipofika karibu na njia panda akaniuliza kwa sauti yake ile ya mlimani, "Mtani, mbona hatuondoki?" Nikamwambia tazama nje, tumekaribia lami. Akatazama. Akalichomoa lile gunia chini yake akalitupa kiti cha nyuma. "Wallahi," akasema, "Mwingereza alitutawala vibaya, lakini hapa alimkumbuka mwanamke mwenye nyonga."

Maneno hayo niliyarudia kwa kila mtu. Kuanzia siku hiyo nikawa nampeleka kila mwezi. Sikumdai kitu, na yeye hakunishukuru hata siku moja, maana mtani hashukuriwi. Aliniletea maparachichi, akaniambia ameyaokota njiani yalipomwangukia mbuzi. Kusema kweli zilikuwa siku nzuri kuliko zote za kustaafu kwangu. Ningeweza kuishia hapo na nikaonekana mtu mwema.

Sasa sikia. Mwezi mmoja, siku chache kabla ya kliniki, akaja kwangu mkubwa mmoja wa mjini ambaye kwao mama yake ni hapa Mlali. Alikuwa na gari jipya refu, jeusi. Akalizunguka gari langu mara mbili, akagonga boneti kwa kucha, akasema, "Mzee, hili ndilo gari. Hayo yetu ni masanduku tu. Binti yangu anaolewa Ijumaa, anatokea hapa kwa bibi yake. Nataka aingie mjini na hili. Na dereva uwe wewe mwenyewe, na suti."

Alipotaja malipo nilikataa. Nilikataa hata mafuta. Naliweka hili wazi ili mtu asije akadhani nilisukumwa na shida. Sikuwa na shida. Niliukubali utukufu. Nilijiona nikiingia mjini na suti, watu wamepanga mstari, mkubwa akiwaambia wakubwa wenzake kwamba fundi wa gari lile ni yule pale.

Ijumaa hiyo ilikuwa ya kwanza ya mwezi, na nilijua. Ningeweza kumwambia ukweli, "Mtani, wiki hii nina harusi, nitakutafutia gari zuri." Angenitukana matusi ya utani mpaka nikome, na yangekwisha. Lakini niliona haya kumwambia kwamba nimempa mkubwa kiti chake. Alhamisi jioni nikampigia simu.

"Mtani, gari limelala ubavu."

"Limelala na nani?"

"Bomba limevuja. Upande wa kushoto wote uko chini."

Mwezi uliotangulia kweli lilikuwa limevuja, na yeye mwenyewe aliliona, kwa hiyo uongo wangu ulikuta kitanda kimetandikwa. Akasema, "Basi mfunike shuka, mtani. Mimi na nyonga yangu tutajua la kufanya."

Usiku ule nikalipiga gari msasa wa maneno matamu na nta. Nikapampu pande zote mbili mpaka likasimama wima kama askari. Asubuhi vijana wa mapambo wakalifunga riboni nyeupe. Bibi harusi na somo yake wakakaa nyuma, gauni likajaza sakafu yote. Kiti cha mbele, pembeni yangu, wakakilazia maua. Si mtu, maua. Bunda kubwa la maua ya mjini, yamefungwa kwa karatasi inayong'aa.

Tukatoka saa nne. Mbele yetu pikipiki ya mpiga picha, amekaa kinyume, kamera inatutazama. Nyuma msafara na honi. Bibi harusi akasema, "Mzee, gari lako linateleza tu, hata shela halitikisiki." Moyo wangu ukajaa.

Pale njia ya mlimani inapoungana na barabara kuu kuna mahali wanapopakia nyanya. Pembeni ya matenga, juu ya tenga moja lililogeuzwa, alikuwa amekaa mtani wangu. Saa nne! Kliniki inaanza saa mbili. Nikaelewa palepale. Alikuwa akiyaacha magari yapite, moja baada ya jingine, akingoja lenye nafasi mbele, kwa sababu nyonga ile haikunji mguu kwenye viti vya nyuma. Fimbo yake ilikuwa kwenye mapaja. Gunia lake lilelile lilikuwa chini yake.

Aliliona gari kabla hajaniona mimi. Nilimwona akilitazama upande wa kushoto, mbele mpaka nyuma, jinsi lilivyosimama sawa. Kisha akanitazama mimi. Akainuka. Ilimchukua muda kuinuka. Akapiga vigelegele, maana bibi harusi hapitwi bila vigelegele, na alipomaliza akanyoosha fimbo na kupaza sauti, "Mtani! Limeamka?"

Sikugeuza shingo. Nilitazama mbele nikapiga honi.

Bibi harusi, mtoto wa watu, mwenye adabu zake, akainama kati ya viti. "Babu, yule bibi anakuita. Unamfahamu?"

Hapa ndipo ninapotaka ardhi ipasuke kila ninapokumbuka. Nilisema, "Aa, wapi. Pale kuna wazee wamezoea kuombaomba lifti."

Ndivyo nilivyosema. Sikulazimishwa, wala ulimi haukuteleza. Mwanamke aliyenitupia maparachichi mlangoni, mwanamke ambaye nikifa ndiye angekuja kunililia na kunicheka, nilimfanya ombaomba wa njiani kwa sababu nimevaa suti.

Video ya harusi ilizunguka kwenye simu za watu wiki ile yote. Nililetewa na watu sita. Kuna mahali gari linapita kwenye matenga, na pembeni, kwa muda wa kupepesa jicho, anaonekana bibi amenyoosha fimbo. Mimi nimeshika usukani, uso mkavu kama wa picha ya kitambulisho. Watu waliniandikia, "Mzee umetisha!" Nikaifuta. Kesho yake mwingine akanitumia tena.

Jumapili nilipanda kwake. Nilikuwa nimejipanga kuomba radhi, naapa. Nilimkuta anachambua mboga. Kabla sijakaa akasema, "Karibu, bwana harusi! Umekuja kuniletea pilau?" Akacheka, mwili mzima ukatikisika. Nami, mbwa mimi, nikacheka. Nilisema, "Mtani, siku ile…" Akanikata, "Siku ile uliniweza! Mwenyewe nilikuwa natafuta namna ya kukuweza mimi, ukaniwahi. Haya, limekwisha." Akanimiminia chai.

Nilitaka sana kuamini kwamba limekwisha. Mtani hanuniwi, na mimi nikajificha chini ya neno hilo kama mtoto chini ya kitanda. Lakini mwezi uliofuata nilipomwambia nitampitia Ijumaa alisema, "Usijisumbue, mtani. Gari la harusi halipakii mizigo." Alisema akitabasamu. Mwezi wa tatu akasema amepata dereva mmoja kijana anayemwekea kiti. Mwezi wa nne sikumwuliza tena. Kila Ijumaa ya kwanza nilijifungia bandani, nikakagua mabomba ambayo hayakuwa na tatizo lolote.

Alifariki mwishoni mwa masika, kwa homa ya siku tatu. Nyonga haikumwua, na gari langu halikumwua. Watu huniambia hivyo bila hata mimi kuuliza, nami nakubali ni kweli. Haisaidii kitu.

Siku ya kuanua matanga watu waligeuka wote wakanitazama. Ilikuwa zamu yangu. Watani wengine walikuwepo, lakini kila mtu alijua bibi yule alikuwa wangu. Nikaingia ndani, binti yake akanipa khanga ya marehemu na fimbo yake. Nikajifunga khanga kichwani, nikatoka nachechemea kama yeye. Kicheko kikalipuka kabla sijafika katikati ya uwanja.

Nilipanga viti viwili vya plastiki kuwa gari. Nikatanguliza makalio, nikaketi, nikanyanyua miguu kwa mikono, mmoja baada ya mwingine. Wanawake wakawa wanapigana mapaja. Nikasema kwa sauti yake, "Mtani, mbona hatuondoki?" Mzee mmoja alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

Ndipo nikaona kwamba hapa, mbele ya watu wote, ndipo mahali pa kusema. Nikaivua khanga kichwani, nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, "Jamani, bibi huyu nilimdanganya. Nilimwambia gari limelala ubavu, na gari lilikuwa zima. Nilimpa kiti chake bibi harusi. Kiti cha mbele niliweka maua, yeye akabaki kwenye tenga la nyanya!"

Loo, walivyocheka! Wengine walinimalizia maneno. "Limelala na nani?" akapiga kelele mmoja, na uwanja mzima ukaitikia, "Limelala na nani!" Walikuwa wanaijua hadithi yote. Yeye mwenyewe alikuwa ameisimulia kila nyumba, mwaka mzima, kama kituko kikubwa kuliko vyote alivyowahi kufanyiwa na mtani wake. Alikuwa amenitangulia akatandika, ili siku nitakapoanguka niangukie mahali laini. Wakanirushia sarafu. Mtu mmoja akaniambia, "Ndiyo utani huo, mzee. Siku hizi watu hawaujui."

Nilisimama pale nimejaza sarafu mkononi. Bado nilikuwa na lile neno moja ambalo hata yeye hakulisimulia, kwa sababu hakulisikia. Lile la wazee wanaoombaomba lifti. Alilisikia bibi harusi, labda na somo yake, nao hawakujua walichosikia. Nikajiambia hilo nitamwambia binti yake, faraghani, leo hii.

Watu walipoanza kutawanyika binti akanifuata upenuni. Mwanamke wa makamo, mpole, macho yamevimba kwa kulia na kucheka siku moja. Alikuwa amekumbatia kitu. "Mtani," akasema, "katika vitu vya mama, hiki ndicho haki yako. Usipokichukua wewe sisi hatuna pa kukipeleka."

Ulikuwa mto mdogo wa sufi, umeshonewa kipande cha khanga kuukuu. Nikamwuliza mama aliushona lini.

"Si wiki ileile, baada ya harusi! Alisema magari ya watu yana mifupa. Kila kliniki alikwenda nao. Hakuwahi kupata dereva wa kumwekea kiti, alikuwa anakaa popote. Akirudi tunamkanda maji ya moto mpaka usiku."

Niliupokea. Upande mmoja ulikuwa bado umejaa. Upande wa kushoto, ule wa nyonga nzima aliyokuwa akiielemea, sufi ilikuwa imekwisha kabisa, nguo imegusana na nguo. Nikauweka juu ya kiganja nao ukainama. Ulikuwa umelala ubavu.

Nikamtazama binti yule usoni. Nikafungua mdomo nimwambie.

Akaanza kucheka kabla sijatamka neno, akaweka mkono kifuani, akasema, "Ee mtani, na wewe, niache nipumzike. Leo umetumaliza."

Nami nikacheka.